Dawa ya Sukari: Jirani Afanye Nini, na Asifanye Nini

Hapa Lucky Summer ukisikia mama anamwuliza jirani yake, "Uko na ya sukari kidogo?" usidhani anataka kuonja chai. Mara nyingi anauliza vidonge. Kliniki wamemwambia dawa zimekwisha, kemisti anataka pesa mkononi, na mwisho wa mwezi bado uko mbali. Basi mgonjwa anakwenda kwa mgonjwa mwenzake, anapewa vidonge sita vimefungwa kwa kipande cha gazeti, anarudi nyumbani akimshukuru Mungu.

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo hilo. Hatutazungumza juu ya ugonjwa wote wa kisukari, maana ni mkubwa na wataalamu wameuandikia vitabu. Tutazungumza juu ya dawa zake tu: zinapatikanaje, zinatunzwa na nani, nani anamkumbusha mgonjwa, na kikundi cha kujisaidia kinaweza kuingia wapi bila kuharibu. Ninyi mlio vijijini msiseme haya ni mambo ya Nairobi. Sisi tuko kwenye ploti, mlango kwa mlango, na ninyi mko mbali na barabara, lakini pakiti ya dawa ni ile ile.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Mkebe wa biskuti

Kikundi kimoja cha hapa kwetu, akina mama wengi na wazee wachache, kiliona kwamba dawa nyingi zinapotea. Mtu anabadilishiwa dawa, za zamani zinabaki. Mtu anafariki, mjane anabaki na mfuko. Basi wakaamua kukusanya zote katika mkebe wa biskuti na kumpa mwekahazina autunze. Mwenye kukosa atakuja kuchukua, mwenye kupata atarudisha. Sisi tulikuwa katika mkutano huo. Tulipiga makofi. Tuliona ni moyo wa Jumuiya kabisa, kila mtu akitoa alicho nacho.

Mzee mmoja alikuwa akitumia metformini, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Zikamwishia. Akaja kwenye mkebe, akaomba "dawa ya sukari", akapewa. Alichopewa kilikuwa glibenklamidi, vidonge vya mama mmoja aliyekuwa amefariki. Jioni hiyo mzee hakuwa na chakula, akanywa kidonge na chai kavu, akalala. Asubuhi wapangaji walimkuta mlangoni ameketi chini, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wakasema, huyu amelewa. Wengine walicheka.

Aliyemwokoa ni msichana wa shule ambaye mama yake ana ugonjwa huo huo. Alisema, "Guka hajalewa. Mama huwa hivi sukari ikishuka." Wakamkorogea maji ya sukari, akanywa taratibu akishikwa kichwa, na baada ya kama robo saa akaanza kuwatambua watu. Bado alipelekwa hospitali, na ilikuwa sawa kabisa kumpeleka, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena mchana au usiku unaofuata.

Mzee yuko hai. Mkebe ulivunjwa siku hiyo hiyo, na dawa zilizokuwamo zikarudishwa zahanati ziteketezwe. Lakini hatuwezi kusahau kwamba tulipiga makofi.

Kila kidonge kina kazi yake

Wengi wetu husema "dawa ya sukari" kana kwamba ni kitu kimoja, kama vile mtu anavyosema "mafuta ya taa". Sivyo. Tueleze zile tatu ambazo mtazikuta zaidi katika nyumba za watu wetu.

Metformini inazuia ini lisitoe sukari nyingi kwenye damu, na inausaidia mwili kuitumia insulini yake vizuri. Ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Shida yake ni tumbo: kuharisha, kichefuchefu, hasa wiki za kwanza. Ndiyo maana huambiwa unywe pamoja na chakula au mara baada ya chakula. Watu wengi huacha metformini kwa sababu ya tumbo tu na hawasemi kwa daktari. Wanasema "imenikataa". Mara nyingi wangeanzishwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole, tumbo lingezoea.

Glibenklamidi ni mambo mengine. Hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hukula. Ukiinywa halafu ukalala njaa, sukari inashuka, na ubongo hauwezi kukaa bila sukari. Wazee na wenye figo dhaifu ndio walio hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa za lazima limesema wazi kwamba haifai kwa mtu aliyepita miaka 60. Hata hivyo bado inaandikwa, kwa kuwa ni rahisi. Kama baba yako wa miaka 70 anaitumia, msiiache kwa nguvu zenu, lakini siku ya kliniki mwulize daktari kama kuna nyingine inayomfaa zaidi.

Insulini ni ya sindano. Iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Kabla ya hapo mtoto wa namna yake alikuwa anangojewa kufa. Tunawakumbusha hayo kwa sababu bado tunao watoto wa namna hiyo, ambao kongosho lao halitoi insulini. Watoto hawa hawakosi dawa hata siku moja. Mtu mzima wa vidonge akikosa wiki moja ataumia, lakini mtoto wa insulini akikosa siku chache anaweza kufa. Kikundi kikiwa na pesa kidogo na wagonjwa wengi, kijue nani wa kuangaliwa kwanza.

Tuseme pia habari ya aibu. Tulikutana na kijana wa sekondari aliyekuwa akijidunga chooni, maana wenzake walimwona na sindano wakaeneza kwamba anatumia madawa ya kulevya. Mwishowe akawa anaruka sindano ya mchana. Mama yake hakujua. Ilibidi mwalimu mmoja aambiwe, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, na akampa nafasi ya kukaa ofisini kwake dakika tano. Hakuna pesa iliyotumika hapo.

Sukari ikishuka

Hili kila mwanakikundi alijue, hata asiye mgonjwa. Dalili ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, hasira bila sababu, kuchanganyikiwa, kuongea kama mlevi. Kwenye mashine ya kupimia, ikiwa chini ya 4 ni hatari. Lakini kama hakuna mashine usingoje.

Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale kitu cha kushiba: ugali, githeri, mkate, viazi. Akiwa amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, hata maji ya sukari, kwa kuwa yataingia mapafuni. Mlaze ubavu, mtafute gari, mkimbilie hospitali. Na usimdunge insulini ukidhani unamsaidia. Tumeona jirani mwema akitaka kufanya hivyo, tukamshika mkono.

Wengine huuliza, je, nikikosea? Kama sukari yake ilikuwa juu na mimi nimempa maji ya sukari? Jibu ni kwamba sukari ya vijiko vitatu haitamwua aliye juu, lakini kukosa vijiko hivyo kunaweza kumwua aliye chini.

Tuliyojifunza kwa Korogocho na kwingine

Jirani zetu wa Korogocho wamechunguzwa sana. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Afrika, APHRC, kiliwapima watu wazima 5,190 wa Korogocho na Viwandani mwaka 2008 na 2009. Kati ya waliokutwa na kisukari, wasiofika robo ndio waliokuwa wanajua kwamba wanao. Kati ya wanaojua, kama nusu tu ndio waliokuwa wamepata matibabu yoyote mwaka ule. Na ukiwachukua wagonjwa wote pamoja, hawakufika 5 katika kila 100 ambao sukari yao ilikuwa imetulia. Hesabu hizo ni za zamani kidogo, lakini zinaonyesha mahali mgonjwa anapoanguka: kwanza hapimwi, akipimwa hapati dawa, akipata dawa haendelei nayo.

Wakubwa wanapofikiri juu ya dawa hufikiri juu ya bei. Ni haki. Mwaka 2012 kampuni ya Novo Nordisk iliafikiana na serikali na makanisa, insulini ipite katika ghala la dawa la MEDS, ambalo ni mali ya Maaskofu Wakatoliki na chama cha afya cha makanisa ya Kiprotestanti, CHAK, na iuzwe katika vituo vya makanisa kwa shilingi 500 chupa. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakilipa mara mbili au tatu ya hiyo. Msichukue bei hiyo kuwa ya leo. Ulizeni kituo cha kanisa kilicho karibu nanyi kabla ya kwenda kwa kemisti.

Mwaka 2015 kampuni nyingine, Novartis, ilianza mpango wake hapa Kenya, dawa za sukari, presha na nyinginezo kwa dola moja kwa mwezi, nazo zikapitia MEDS vile vile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walifuata mpango huo katika kaunti nane, na mwaka 2019 wakatoa taarifa. Metformini ilionekana zaidi katika rafu za vituo vya afya. Lakini walipoingia nyumba za wagonjwa, katika mwaka ule wa kwanza, hawakuona kwamba dawa zimeongezeka nyumbani. Tulipolisikia jambo hilo tulinyamaza kidogo. Dawa imefika kituoni na haijafika mezani kwa mama. Katikati ya hapo kuna nauli, kuna foleni ya siku nzima bila kibarua, kuna mtu asiyejua kusoma pakiti, kuna mume anayesema pesa zimekwisha. Hapo katikati ndipo mahali pa kikundi.

Na si ndoto. Huko Eldoret na sehemu za magharibi, mpango wa AMPATH uliunganisha mambo mawili: wagonjwa wa sukari na presha wanakutana kijijini kama chama, wanaweka akiba na kukopeshana, na siku hiyo hiyo mhudumu wa afya anakuja kuwapima na kuwapa dawa. Waliwafuata watu 2,890. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: presha ilishuka zaidi kwa wale waliopata yote mawili, matibabu ya kikundi na akiba, kuliko wale waliokwenda kliniki kwa kawaida tu. Kwa hiyo kitabu cha akiba mlicho nacho tayari ni nusu ya kazi.

Kazi ambazo kikundi kinaweza

Kazi ya kwanza ni kusoma pakiti. Inaonekana ndogo, sivyo. Kemisti huandika "1x2" juu ya bahasha. Maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Tumemkuta mtu anakunywa viwili kwa mara moja, na mwingine kimoja kila siku ya pili. Mama mmoja wa kikundi alianza kuchora jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye ya jioni, na wazee ambao macho yamefifia wakaelewa mara moja. Sasa nyumba nyingi hapa zina jua na mwezi.

Kazi nyingine ni kuhesabu. Siku saba kabla ya dawa kwisha, mtu aseme. Madaktari walipogoma kutoka katikati ya Machi hadi Mei 8 mwaka 2024, siku 56, wengi wa watu wetu waligundua hawana dawa siku ile ile walipofika getini. Wale waliokuwa wakihesabu walikuwa na siku chache za kutafuta kituo cha kanisa au kukopa.

Tena kuna kusindikizana. Mtu mmoja anakwenda kliniki na kadi zake pamoja na mgonjwa asiyesikia vizuri, anakumbuka alichosema daktari. Mwulizeni mgonjwa kwanza kama anataka mtu aingie naye ndani. Ugonjwa ni wake, si mali ya kikundi. Kuna mama aliyehama kikundi kwa sababu mwenyekiti alimwombea dua hadharani kwa jina na kwa ugonjwa, na yeye hakuwa amemwambia mtu. Mwenyekiti alikuwa na nia njema.

Yasiyo kazi ya kikundi ni kubadilisha kiasi cha dawa, kumpa mtu dawa ya mwingine, na kumwambia aache. Hapo mwisho tunawaza hasa juu ya unga wa mitishamba unaouzwa kwenye matatu na sokoni, eti unamaliza sukari kwa siku 40. Hatudharau mitishamba. Lakini anayetumia amwambie daktari, na asiache dawa yake. Vile vile wapo walioombewa kwenye mikutano wakaambiwa watupe vidonge kuonyesha imani. Sisi ni watu wa sala na tunasema sala na kidonge havigombani. Na wakati wa Kwaresima, mgonjwa halazimiki kufunga chakula. Anayetaka kujinyima ajinyime kitu kingine. Jirani zetu Waislamu wamwone daktari kabla ya Ramadhani, maana saa za dawa zinaweza kubadilishwa, na wengine watashauriwa wasifunge.

Friji ya mwenye duka

Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Isiwekwe kwenye sehemu ya barafu. Ikiganda hata mara moja, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri, itupwe. Hapa kwetu wachache wana friji, na walio nayo hukosa stima ya tokeni. Wenye maduka ya soda na maziwa ndio wenye friji inayofanya kazi kila siku, na watatu kati yao wamekubali kuweka chupa za wagonjwa katika kopo lenye kifuniko, jina limeandikwa. Walichoomba ni kwamba mtu asije usiku wa manane kugonga mlango.

Chupa ikishafunguliwa inaweza kukaa nyumbani kama wiki nne, mahali pa kivuli na ubaridi, si juu ya televisheni, si dirishani, si karibu na mabati ya juu ambapo joto la mchana linachoma. Andika tarehe ya kufungua. Walio sehemu za joto watumie mitungi: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga katikati, mchanga uloweshwe asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba insulini waliyoijaribu ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hilo ni faraja kwa asiye na friji. Halina maana kwamba chupa iachwe juani.

Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 30 kwa siku itamfikisha siku 33, yaani wiki nne na zaidi kidogo. Anayetumia 15 ataona wiki nne zimekwisha na zaidi ya nusu bado imo. Hapo ndipo watu hufikiri, kwa nini tusichangie chupa moja wawili? Hapana. Sindano moja iliyotumika ikiingia ndani ya chupa inaweza kupeleka ugonjwa kwa mwenzako. Chupa moja, mtu mmoja. Muuguzi amweleze la kufanya na kinachobaki.

Sindano zinakwenda wapi

Swali hili halikuulizwa na mgonjwa. Liliulizwa na kijana wa kikundi cha kuzoa taka. Alikuwa amebeba gunia begani na sindano ikamchoma kupitia gunia. Akatuuliza, "Hizi zinatoka kwa nani? Sisi hatuna hospitali hapa kwa ploti."

Zinatoka kwetu. Mgonjwa wa insulini anayejidunga mara mbili anaweza kutupa sindano nyingi kwa mwezi, na sisi hatukuwahi kumwambia azitupe wapi. Zinaingia kwenye mfuko wa taka, mfuko unavuka mto, unafika Dandora. Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970 na likatangazwa limejaa mwaka 2001, lakini takataka ziliendelea kumiminwa, na watu, watoto kati yao, huokota huko kwa mikono mitupu. Wengine ni wa Jumuiya zetu.

Basi tukakubaliana hivi. Kila mgonjwa wa sindano awe na chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ile ya dawa ya kufulia. Chupa laini ya maji haifai, sindano hupenya. Sindano ikitumika inaingia humo mara moja bila kufunikwa tena. Chupa ikijaa robo tatu inafungwa kwa selotepu na kupelekwa kituo cha afya, ambako wana njia ya kuteketeza. Vijana wa taka wenyewe ndio wanaokagua na kuwakumbusha watu, na hakuna mkaguzi aliye mkali kuliko aliyewahi kuchomwa. Na aliyechomwa aoshe kwa maji mengi na sabuni, asifinye wala kunyonya, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze kabla ya saa 72.

Mhudumu wa afya wa kijiji, na pesa

Tangu Septemba 2023 serikali ilipowapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba, zaidi ya 100,000 nchi nzima, wengi wao wana mashine ya kupima sukari na ya presha. Kila mmoja anahesabiwa kama nyumba 100. Mjueni wenu kwa jina na mwalikeni kwenye mkutano. Wakati mwingine vijiti vya kupimia humwishia, na hilo si kosa lake; mwandikieni msimamizi wake kama kikundi, barua yenye muhuri husomwa kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Hakikisheni pia kwamba kila mgonjwa amejiandikisha kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Kwa simu ni *147#. Wazee wengi wa hapa walifikiri kadi ya zamani inatosha.

Sasa pesa, ambayo ndiyo ngumu. Wanachama 25 wakitoa shilingi 20 kila wiki, kwa mwezi ni 2,000. Si haba. Lakini itolewe kwa njia gani? Kikundi kimoja kilimkopesha mama shilingi 3,000 za insulini ya mtoto kutoka mfuko wa kawaida, na riba kama mkopo mwingine. Hakuweza kulipa. Akaanza kukosa mikutano kwa aibu. Alipoacha kuja, hakuna aliyemkumbusha tarehe ya kliniki, hakuna aliyejua dawa imekwisha, mpaka mtoto alipolazwa akipumua kwa shida. Deni ndilo lililomtoa mahali ambapo angesaidiwa.

Kikundi hicho kimetenga mfuko wa dawa peke yake, haukopeshi, unalipa kwa kemisti au kituo moja kwa moja na risiti inabaki na katibu. Insulini ya watoto kwanza, halafu nauli ya kliniki, halafu vidonge. Wanachama wengine hawajaridhika. Wanasema waliojiunga ni kwa ajili ya biashara, na kwamba kuna mwenye kisukari anayekunywa pombe kila Jumamosi, kwa nini wamlipie? Tumekaa nao mara tatu juu ya hilo. Mwekahazina, ambaye ndiye aliyekuwa akitunza ule mkebe wa biskuti, alisema yeye atalipa risiti ya yeyote aliye na kadi ya kliniki, na kama hawataki wachague mwingine. Mpaka tunaandika haya hawajachagua mwingine.